Utani wa Ndiaye na Mikono ya Gora

Kila asubuhi Gora Diop alifagia ua, akawanywesha kondoo maji, kisha akakimbia dukani kununua mkate. Akirudi alijifungia chumbani mbele ya kipande cha kioo kilichopachikwa ukutani. Alivua shati, akakunja mkono wa kulia na kuukaza kwa nguvu zake zote, mpaka uso ukamwiva na mishipa ya shingo ikamtoka. Mishipa ilitoka kweli, lakini msuli haukutoka.

"Gora! Mkate uko wapi?" mama yake alipaza sauti kutoka uani. "Au unauonyesha kioo nao?"

"Nakuja, Mama!"

Gora alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu kuliko wenzake wote darasani, na mwembamba ajabu. Shuleni walimwita Tambi. Baba yake, Alioune Diop, alikuwa fundi cherehani, na kila alipomshonea shati alilazimika kupunguza upana wa mikono ya shati, kisha akaupunguza tena, huku akitikisa kichwa. Kwingine labda jambo hili lisingekuwa tatizo. Lakini hapa ni Pikine, ambako mtoto hujifunza mieleka kabla hajajifunza kufunga kamba za viatu, na mwanamume anayetembea barabarani hutazamwa mikono kwanza, uso baadaye.

Mwaka uliopita Gora alishiriki mieleka ya watoto kwenye uwanja wa mchanga karibu na soko. Ngoma zilipopigwa, alivua shati na kuingia akicheza kama wanamieleka wanavyocheza, mikono juu. Ndipo mtu mmoja akapiga kelele, "Jamani, mleteeni huyo tambi mchuzi!" Uwanja mzima uliangua kicheko. Gora alimtafuta mama yake kwa macho katikati ya watu, akamwona amejifunika mdomo kwa mtandio, mabega yakimtikisika. Hata mama alicheka! Aliporudi nyumbani hakula, na hakumwambia mtu kwa nini. Sasa mashindano yalikuwa yamekaribia tena, na Gora alikuwa ameapa moyoni kwamba akivua shati mwaka huu hakuna atakayecheka.

"Kinachotakiwa ni mazoezi," alisema rafiki yake Ablaye walipotoka shule siku moja. "Lakini lazima tuchague mazoezi yenyewe. Huwezi kunyanyua tu ovyo ovyo."

Ablaye alikuwa ameazima simu ya kaka yake. Walikaa kwenye kivuli cha ukuta na kutazama video ya mzungu mmoja mwenye mikono kama mapaja. Aliwaonyesha watu namna ya kunyanyua vyuma, akasema mtu anyanyue kidogo, siku tatu tu kwa wiki, na siku nyingine apumzike.

"Siku tatu?" Gora alishangaa. "Huyu mvivu. Na hizo siku nyingine anafanya nini?"

"Analala, kasema. Eti misuli hukua ukilala."

"Ingekuwa hivyo, mikono ya kaka yako ingekuwa kama miguu ya tembo. Zima simu, bwana. Twende kwa Anko Ndiaye."

Mor Ndiaye alikuwa mwanamieleka wa zamani. Nyuma ya gereji alikuwa na uwanja wake wa mazoezi, wa mchanga mtupu, wenye vyuma vya ekseli za magari na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Mikono yake ilikuwa mikubwa kiasi kwamba watu walisema akiwashwa mgongo huita jirani amkune. Watoto walimpenda sana, na yeye aliwapenda. Lakini kwa Gora alikuwa kitu kingine zaidi: alikuwa mtani wake. Diop na Ndiaye wametaniana tangu enzi za mababu. Wakikutana, salamu yao yenyewe ni matusi ya kupendana. Ndiaye atasema Diop ni walafi, Diop atajibu kwamba ulafi uligunduliwa na Ndiaye, na hakuna ruhusa ya kukasirika.

"Nani huyo anakuja? Diop?" Anko Ndiaye alisema kwa sauti kubwa Gora alipoingia. "Wanaume, ficheni vyakula!"

"Vimebaki vya kuficha?" Gora alijibu. "Si ulishavimaliza asubuhi, Ndiaye?"

Wanaume waliokuwa wakinyanyua vyuma walicheka. Gora akasubiri wanyamaze, akasogea karibu na kusema kwa sauti ya chini, "Anko, nataka mikono iwe mikubwa kabla ya mashindano. Nifanye mazoezi gani?"

Laiti Anko Ndiaye angemtazama vizuri usoni wakati ule, angeona kwamba mtoto hataki mzaha. Lakini watu walikuwa wamemzunguka wakingoja kitu cha kuchekea, na mbele yake alisimama Diop.

"Mikono ya Diop?" alisema akishika kiuno. "Nyie si mnakula kwa mikono miwili, asubuhi, mchana na jioni, wala hamchoki? Basi nyanyua hivyo hivyo! Asubuhi kabla ya mkate, mchana kabla ya wali, jioni kabla ya chai. Mpaka mkono ugome. Ukigoma, uchape, endelea! Kila siku. Na maji usinywe, maji huyeyusha misuli. Hujaona sukari?"

Mtu mmoja alicheka mpaka akaangusha chuma mchangani. Gora naye alicheka kwa sababu ndiyo adabu ya utani. Lakini kila neno aliliweka kichwani.

Njiani Ablaye alisita. "Lakini si alikuwa anakutania?"

"Ananitania siku zote," Gora alisema. "Alivyonifundisha kuanguka bila kuumia shingo, alisemaje? 'Diop huanguka kama gunia la karanga, wewe anguka kama Ndiaye.' Ilikuwa utani, lakini si ilikuwa kweli? Ndivyo anavyofundisha."

Ablaye akakubali. Na kusema haki, hata mtu mzima angepata shida kumjibu.

Walitafuta kipande cha bomba na makopo mawili makubwa ya nyanya, wakaomba zege kwa mafundi waliokuwa wakijenga mtaa wa pili. Zege lilipokauka, Gora alificha chuma chake nyuma ya banda la kondoo, akaanza. Alinyanyua asubuhi mpaka mikono ikatetemeka. Aliporudi kutoka shule, jua likiwa kali na kondoo wenyewe wakihema kivulini, alinyanyua tena. Jioni mikono iligoma, akakumbuka agizo, akaipiga makofi na kuendelea huku machozi yakimlengalenga. Koo lilimkauka kama karatasi. Aliutazama mtungi wa maji, akameza mate, akapita.

Kesho yake alishindwa hata kuvaa shati bila kuguna. Alipopita kwenye uwanja, Anko Ndiaye alimwona jinsi alivyoibeba mikono yake mbali na mwili kama mtu aliyeshika mitungi.

"Wewe Diop, umeifanyaje hiyo mikono? Ipumzishe! Itakukatikia, ukose cha kulia wali!"

"Umeanza kuogopa, Ndiaye!" Gora alijibu.

Wanaume walimpigia makofi. Anko Ndiaye alicheka mpaka akafuta macho, akarudi kwenye kazi zake. Yale yalikuwa maneno ya kweli kuliko yote aliyomwambia Gora wiki ile, na hakuna aliyeyaamini, kwa kuwa yalivaa nguo ya mzaha kama mengine yote.

Gora akaendelea kunyanyua, kwa maumivu ambayo hakuwahi kuyajua. Ndipo asubuhi moja akasimama mbele ya kioo na moyo ukamruka. Mikono ilikuwa imekua! Si kidogo, imekua kweli, imejaa kuanzia begani mpaka kwenye kiwiko, na ngozi inang'aa. Mikono ya shati ilimbana. Alitamani kupiga kelele za furaha. Jambo moja tu lilimshangaza: mikono ilikataa kunyooka, na ilikataa pia kujikunja hadi mwisho. Ilikaa katikati, kama mlango wenye bawaba zilizoshika kutu.

Mchana familia ilikaa kuzunguka sinia la wali na samaki. Mama yake, Khady Mbengue, alimega samaki na kuwasogezea kila mmoja kipande chake kama kawaida. Gora aliokota tonge, akalipandisha, lakini mkono ukagoma njiani. Alijaribu kuusukuma kwa mkono wa pili, nao ukagoma. Mwishowe akainamisha kichwa mpaka mdomo ukalifikia tonge.

"Ala! Unakula kama kondoo?" mama alisema. "Mkono una nini?"

"Nimeulalia vibaya, Mama."

"Umeilalia yote miwili?"

Baba yake alicheka, na mazungumzo yakahamia kwenye mambo mengine. Gora akamshukuru Mungu kwamba alikuwa amevaa shati jingine la mikono mipana, maana lilimficha kidogo.

Baada ya chakula alikwenda msalani. Alitazama chini. Mkojo ulikuwa umebadilika rangi, umekuwa wa kahawia, mzito kama chai iliyochemka mara tatu kwenye birika dogo. Kwa mara ya kwanza hofu ilimpita mwilini. Alimwaga maji upesi, akaenda kumtafuta Ablaye.

"Kahawia kabisa?" Ablaye alikuna kichwa. "Mimi naona huo ni unyonge unatoka. Si umesema mikono imekua? Basi nguvu zimeingia, unyonge unatoka. Lazima utokee mahali."

Maneno yale yalimfurahisha Gora kwa sababu ndiyo aliyotaka kusikia. Wakaondoka pamoja kwenda kumwonyesha Anko Ndiaye mikono.

"Ndiaye!" Gora aliita akiwa bado mlangoni. Alivua shati kwa taabu. "Njoo uone mikono ya Diop!"

"Lahaula! Hii umeiiba wapi?" Anko Ndiaye alikuja akicheka. "Mwenyewe anaitafuta huko, mrudishie!" Akaushika mkono wa Gora na kuubonyeza kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, pale alipobonyeza pakabaki shimo dogo, kama kwenye unga uliokandwa. Gora alikuwa ameuma meno kwa maumivu.

Kicheko cha Anko Ndiaye kilipungua. "Hebu nyoosha mkono."

"Haunyooki. Umejaa nguvu."

"Mkojo wako una rangi gani?" aliuliza Anko Ndiaye, ambaye zamani aliwahi kuona mwanamieleka akivimba hivyo.

Gora aliwatazama wanaume waliosimama pale, akaona hii ndiyo nafasi yake. "Rangi ya chai ya nyumbani kwako, Ndiaye," alisema kwa sauti kubwa. "Ile isiyokuwa na sukari!"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Mtu mmoja alikuja kumpa Gora mkono kwa jibu lile. Anko Ndiaye peke yake hakucheka. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa, na alipiga magoti mchangani mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto.

"Gora," alisema.

Hakuwahi kumwita jina hilo. Siku zote alikuwa Diop tu. Wanaume wakaweka vyuma chini.

"Gora, mwanangu, nisikilize. Leo mimi si Ndiaye na wewe si Diop. Sikutanii na wewe usinitanie. Mkojo wako ni kahawia kweli?"

Gora aliitikia kwa kichwa. "Kweli, Anko. Tangu mchana."

"Umefanya mazoezi gani?"

"Yale uliyoniambia."

"Yapi niliyokuambia?"

"Asubuhi, mchana na jioni. Mpaka mkono ugome. Na maji sikunywa mengi, Anko, niliibia kidogo tu usiku."

Anko Ndiaye alifumba macho. Akasema neno moja ambalo Gora hakulisikia vizuri, akasimama na kumbeba mzimamzima, ingawa miguu ya Gora ilikuwa mizima. "Ablaye! Kimbia kwa Alioune, mwambie atukute hospitali. Wewe, simamisha teksi! Simama hata katikati ya barabara!"

Ndani ya teksi Anko Ndiaye alimnywesha maji, funda moja baada ya jingine. Gora alimuuliza kama mikono itapona kabla ya mashindano. Anko Ndiaye alimsogezea maji tena mdomoni.

Daktari Seynabou Faye alipima damu, akapima mkojo, akaagiza Gora atundikiwe dripu mara moja. Wazazi wake walifika wakihema, mama akiwa na ndala mguu mmoja na kiatu mguu mwingine.

"Hii siyo misuli iliyokua," daktari alisema. "Huu ni uvimbe. Ukinyanyua kitu kizito, msuli huchanika kidogo kidogo. Ukiupumzisha, hujiunga na kunenepa, ndiyo kukua kwenyewe. Lakini ukiuchana leo, ukauchana tena jioni, ukauchana tena kesho, hupasuka kabisa na kumwaga taka zake kwenye damu. Na kinachochuja damu ni figo. Zile taka zinaziba figo. Hiyo rangi ya chai ni msuli wake mwenyewe unatoka."

"Figo zake zimeharibika?" baba aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Bado sijui. Zimelemewa. Tutampa maji mengi na tutazingoja. Zikisafisha, mkojo utarudi rangi yake. Zisiposafisha, itabidi mashine isafishe damu badala ya figo." Akamgeukia Gora. "Nani alikupa mazoezi haya?"

Gora alimwona Anko Ndiaye amesimama mlangoni, mkubwa kama kabati, ameinamisha kichwa. Aliwaza kwamba akisema, uwanja utafungwa, na watu watamtazama Anko Ndiaye kwa jicho baya maisha yake yote.

"Niliyaona kwenye simu," alisema.

"Muongo huyo," Anko Ndiaye alisema kutoka mlangoni. "Anaongopa kwa kunihurumia. Ni mimi niliyempa. Nilimtania, naye akaniamini."

Wazazi waligeuka kumtazama. Alioune Diop alifungua mdomo kwa hasira, kisha akaufunga. Diop hamkasirikii Ndiaye. Hajawahi, na baba yake hakuwahi. Alibaki akifungua na kufunga mdomo, maskini, hadi Gora akamwonea huruma.

Lakini Khady Mbengue alinyanyuka kwenye kiti. "Mimi si Diop," alisema. "Mimi ni Mbengue. Mimi na wewe hatuna utani, Mor Ndiaye. Mtoto wangu alikuja kwako na swali, ukampa kichekesho. Toka nje."

Anko Ndiaye akatoka.

Hakwenda mbali. Kila siku alikaa kwenye benchi la ukumbini, na kila asubuhi aliacha chupa za maji mlangoni bila kubisha. Ndani, Gora alijifunza kuogopa chupa nyingine, ile ya mkojo. Kila alipokojoa, mama aliinua ile chupa dirishani na kuitazama kwenye mwanga, na Gora alitazama uso wa mama. Mwanzo uso ule haukubadilika hata kidogo. Kahawia, kahawia tena. Alikunywa maji mpaka tumbo likamlia kama ngoma, akanywa tena. Hakuwaza tena mashindano. Aliwaza ile mashine.

"Mama," alisema jioni moja, "mwaka jana ulinicheka uwanjani."

Mama alishtuka. "Mimi?"

"Walivyosema niletewe mchuzi. Nilikuona."

Khady aliweka chini kitambaa alichokuwa akikunja. Kwanza alitaka kukana, Gora aliliona hilo usoni mwake. Kisha machozi yakamtoka. "Nilicheka, mwanangu. Nisamehe. Nilicheka kwa sababu ulikuwa unacheza vizuri sana, na ulikuwa mzuri machoni pangu, na yule mtu kanichekesha. Hukuniambia kama imekuuma."

"Niliona haya."

"Basi kila mtu kacheka na wewe ukaumia peke yako." Akamshika kichwa na kumvutia kifuani polepole, asiiguse mikono.

Asubuhi iliyofuata mama aliinua chupa dirishani, akakaa ameiinua kwa muda mrefu. Mkojo ulikuwa umepauka. Baadaye ukawa wa njano, kama wa mtu yeyote. Daktari Faye alipima damu tena, akasoma majibu, kisha akatabasamu. "Figo zimeshinda," alisema. "Lakini usinyanyue chochote kizito kuliko kijiko mpaka nitakapokuruhusu mimi mwenyewe. Sawa?"

"Sawa, Daktari."

Mama alipiga magoti kando ya kitanda na kushukuru. Aliponyanyuka, alifuta uso na kusema bila kutazama mlango, "Alioune, mwambie yule mtu aingie. Anaziba njia ya manesi."

Anko Ndiaye aliingia kwa wasiwasi, akasimama miguuni pa kitanda.

"Gora, nimekuja kuomba radhi," alisema. "Mbele ya mama yako, kwa sababu alisema kweli. Uliniuliza kwa moyo wako wote, nami nikatazama watu wanaocheka badala ya kukutazama wewe."

"Na mimi nilikuficha," Gora alisema. "Niliona mkojo nikajua si sawa. Nikaja kuufanyia mzaha."

"Ulijifunza kwa nani kuficha jambo kubwa ndani ya mzaha?" Anko Ndiaye aliuliza. "Kwangu." Akachukua kiti, akakaa, na kiti kikalia. Mama akatoa kicheko kidogo alichojaribu kukigeuza kikohozi.

Mashindano ya watoto yalipita bila Gora. Alikaa pembeni na Ablaye, akashangilia mpaka sauti ikamkauka. Uvimbe ulikuwa umekwisha na mikono yake ilikuwa myembamba kuliko hata zamani. Alishangaa kuona kwamba hakuna mtu aliyekuwa akiitazama.

Muda ukapita, daktari akampima mara nyingine na kumruhusu aanze mazoezi mepesi. Siku hiyo Anko Ndiaye alisimamisha kazi zote uwanjani, akawaita watoto wakae mchangani, na wakubwa wasimame nyuma yao. Wazazi wa Gora walikuwepo pia. Aliwasimulia kila kitu, pamoja na ile sehemu ya sukari, na hakujaribu kujipamba.

"Sikilizeni wote, wadogo na wakubwa," alisema. "Mwili wa mtoto unakua wenyewe, na una kazi nyingi kabla ya kazi unayotaka kuupa wewe. Ukiufanyisha mazoezi, upumzishe. Ukitoka jasho, kunywa maji. Ukiona kitu si cha kawaida, mkojo, damu, uvimbe, maumivu yasiyoisha, mwambie mtu mzima siku hiyo hiyo, na umwambie wazi, bila kukifunika kwa kicheko. Na sisi wakubwa, mtoto akituuliza, tumjibu kwanza. Tukishamjibu, tutanie mpaka jua lizame. Wewe mtoto, ukiwa hujui kama mkubwa anatania, muulize, 'Hapo unatania au unasema kweli?' Hiyo si kukosa adabu. Nani hajaelewa?"

Hakuna aliyeinua mkono. Kisha akampa Gora mazoezi yake: pushapu chache akiegemea ukuta, kuchuchumaa na kusimama, kukimbia kidogo mchangani. Siku tatu kwa wiki, na katikati mapumziko.

Watu walipotawanyika, Gora alibaki nyuma. "Anko, nikikuuliza jambo, utatania au utasema kweli?"

"Uliza."

"Mikono yangu itakuwa mikubwa kama yako?"

Wanaume wawili waliokuwa karibu waligeuka kusikiliza, tayari kucheka. Anko Ndiaye aliwapungia mkono waende zao. Alimtazama mtoto kuanzia mabegani mpaka vidoleni.

"Kweli, Gora, sijui," alisema. "Huenda ikawa mikubwa, huenda ikabaki myembamba kama ya baba yako. Itakuwa na nguvu, hilo najua. Mengine tutayaona pamoja."

Gora alingoja kicheko kifuate, lakini hakikufuata. Halikuwa jibu alilolitaka. Hata hivyo alihisi amekuwa mrefu kidogo, na kifua kikamjaa. Akamshukuru Anko Ndiaye, akaenda kusimama mbele ya ukuta wa gereji, akaegemeza viganja vyake ukutani na kuanza pushapu zake.